Gerlinde Wachsmuth na Irisi za Langoni

Barua ya kamati ilimfikia Gerlinde Wachsmuth wiki ya mwisho ya Agosti, na kwa kuwa hakuweza kuisoma, aliniletea mimi. Alinipa juu ya ua wa miti unaotenganisha bustani zetu.

"Ilka, nisomee. Na usinipunguzie makali."

Nikasoma. Kamati ya ushirika wa bustani zetu za kukodi, hapa nje kidogo ya mji wa Erfurt, Ujerumani, ilikuwa imepita kukagua mwezi wa Julai. Bustani namba thelathini na saba, yaani yake, ilikutwa na magugu njiani na majani makavu yaliyolaliana kwenye matuta ya maua ya irisi. Kwa kuzingatia afya ya mwanachama, kamati ilimshauri aiachie bustani kwa hiari. La sivyo, aisafishe yote kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, siku ambayo wakaguzi wangerudi.

"Nani katia sahihi?"

"Mwenyekiti, Volkmar Heyder."

"Mwandiko wake bado unapepesuka kama mlevi?"

"Bado."

"Basi ni mwenyewe." Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni. "Kwa kuzingatia afya ya mwanachama! Utadhani mimi farasi."

Gerlinde alikuwa na miaka sabini na minne. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kiwandani, akikata ngozi za viatu. Kazi yake ilikuwa kupitisha kidole gumba juu ya ngozi kabla kisu hakijashuka, kutafuta kovu la mwiba au alama ya kupe ambayo jicho lisingeiona. Walimpa ngozi za ndama, zile laini, kwa sababu hakukosea. Binti yake, Annegret, alimlea peke yake, na bustani aliipata mwaka ambao mtoto alianza shule. Irisi zake za kwanza aliziokota kwenye lundo la takataka nyuma ya kiwanda, siku walipong'oa tuta la maua ili wapanue maegesho ya malori. Alizibeba kwenye mfuko wa viazi. Tangu hapo hakuacha. Nilipohamia jirani yake alikuwa na aina sitini na tatu, na kila moja aliijua kama mtu anavyowajua wajomba zake.

Macho yalianza kufifia akiwa na miaka sitini na tisa. Hayakuzimika yote. Katikati ya kila kitu pakaingia ukungu, pembeni pakabaki. Aliweza kuona ukingo wa njia na asiuone uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Daktari alimwambia hali hiyo haitarudi nyuma, ila pia hataishia gizani. Gerlinde alitujia na habari hiyo kwa namna yake: "Nimebaki na fremu. Picha wameichukua."

Mwaka ule wa barua, kweli bustani ilikuwa imemlemea. Msimu wa kiangazi alikuwa ameanguka kwenye ngazi za nyumbani na kukaa wiki sita na plasta ngumu ya mfupa mguuni. Magugu hayamsubiri mtu apone.

Jumapili iliyofuata Annegret alikuja kutoka Jena na keki ya plamu kwenye sinia. Tulikaa watatu mbele ya kibanda cha Gerlinde. Annegret ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo, na hakungoja kahawa ipoe.

"Mama, tuseme ukweli. Umefanya vya kutosha. Iachie."

"Nitaiachia nikishindwa. Sijashindwa."

"Hapo kwenye kidole kuna damu, na hujui."

"Najua. Ni waridi la Ilka limevuka ua kunitembelea."

Mimi nikatazama sahani yangu.

"Na hizo irisi utazisafishaje?" Annegret akaendelea. "Huoni jani bovu na jani zima."

"Mwanangu, wewe ukinunua embe sokoni unalitazama tu?"

"Nalibonyeza."

"Haya. Kula keki yako."

Annegret alicheka bila kupenda, lakini alipokuwa anaondoka alinishika mkono langoni. "Shangazi Ilka, usimsaidie kwa siri. Akishindwa ajue mwenyewe ameshindwa. Nikimlazimisha hatanisamehe." Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi ngumu kuliko nilivyodhani.

Gerlinde alianza kazi Jumatatu. Alifunga kamba ndefu kutoka nguzo ya kibanda hadi mwisho wa tuta, akaipiga fundo kila hatua moja, ili ajue alipofika. Alikata koti lake la zamani la baridi likawa mkeka wa kupigia magoti. Pembeni aliweka ndoo mbili, ya majani na ya uozo, na chupa ya spiriti yenye kitambaa, kwa ajili ya kupangusa kisu kila baada ya kukata.

Nilimtazama kutoka upande wangu, nikijifanya nafunga nyanya. Alikuwa akilikamata jani la irisi kutoka chini na kulipandisha kati ya vidole viwili. Jani zima husimama wima, gumu kama kadi. Jani lenye ugonjwa wa madoa hukwaruza kama msasa, na hilo alilikata na kulitupa ndooni. Lililokufa alilivuta taratibu: likija lenyewe, sawa, likikataa, akaliacha siku nyingine. Yaliyobaki aliyapunguza kwa kipimo cha kiganja chake, kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, yakabaki kama pepeo ndogo zilizochomekwa ardhini. Hata jani moja halikuenda kwenye lundo la mboji. "Ugonjwa hulala humo wakati wa baridi na kuamka na chai kitandani," alisema. Yote aliyafunga kwenye mifuko yapelekwe kutupwa.

Kisha ikaja kazi ya mizizi. Wasioijua irisi hudhani iko chini kama kiazi. Hapana, mzizi wake mnene hutambaa juujuu kama tangawizi, na hupenda jua mgongoni. Gerlinde alipapasa kila mmoja na kuubonyeza kwa kidole gumba. Mgumu aliuacha. Uliolegea aliung'oa kwa uma, akakata sehemu mbovu mpaka akafika kwenye nyama ngumu nyeupe, akaupangusa, akaupanga juu ya ukuta wa mawe ukauke siku mbili tatu kabla ya kuurudisha. Na alinusa. Uozo wa irisi una harufu yake, nzito na ya kutapisha, kama samaki aliyesahauliwa ndani ya gari. Alikuwa akiinamisha uso hadi pua ikagusa udongo.

Siku ya nne alikosea hatua kwenye kamba, akakata pasipopaswa na kuharibu shada zima la irisi ya njano aliyoipenda. Alikaa juu ya lile koti lake, akiyapapasa majani yaliyokatwa. Mguu wangu ulikuwa tayari umeingia kwenye ua, nikaukumbuka ule mkono wa Annegret, nikaurudisha. Baadaye alinyanyuka, akafungua fundo la kamba, akalifunga tena hatua nusu nyuma, akaendelea. Tangu siku hiyo alipima mara mbili.

Katikati ya Septemba tulikuwa tunatoka pamoja jioni, yeye na fimbo yake, mimi na kikapu cha maharage. Tulipofika lango kuu akasimama.

"Unasikia harufu?"

"Ni pipa la taka, Gerlinde."

"Pipa liko kushoto. Hii inatoka kulia."

Kulia kulikuwa na tuta la langoni, lenye umbo la nusu mwezi, ambalo kila mgeni huliona kwanza. Lilikuwa nadhifu kuliko yote: limefunikwa matandazo manene ya majani makavu na nyasi, limesawazishwa kwa reki kama kitanda cha hoteli. Nikamwambia hivyo.

"Nani analitunza?"

"Heyder mwenyewe."

Sote tulijua tuta lile. Lilipandwa na Sieglinde, mke wa Heyder, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Irisi za buluu tupu, rangi moja, arobaini kwa idadi. Mwaka uliofuata ushirika wetu ungetimiza miaka mia moja, na kila mtu alikuwa akisema sherehe itafanyika Mei mbele ya irisi za Sieglinde.

"Mwambie," nikasema.

"Mtu ameniandikia barua ya kunitoa, halafu niende kumwambia maua ya marehemu mkewe yananuka? Atasema namlipizia." Akagonga fimbo chini. "Siku ya ukaguzi atakuja kwangu. Nitamwambia uso kwa uso, kama bado nina uso wa kusema naye."

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ilikuwa kavu na yenye jua. Heyder alifika saa nne kamili na wanakamati wawili nyuma yake. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote, ubao wa kuandikia umekumbatiwa kifuani. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiona mstari uliopinda hupata maumivu.

"Habari za asubuhi, Bi Wachsmuth."

"Nzuri, Bwana Heyder. Nakusikia, viatu vyako vinahitaji soli."

Alipita njia yote. Haikuwa na gugu. Chini ya mtofaa palikuwa pasafi. Akafika kwenye matuta ya irisi na kusimama. Safu baada ya safu ya pepeo za kijani, zote kimo kimoja, udongo katikati umefunguliwa na kupigwa uma. Mmoja wa wanakamati alipiga mluzi wa mshangao. Nikaona Heyder akitafuta mstari uliopinda asiupate. Kisha akaupata.

"Mizizi yote iko nje," alisema, kwa sauti ya upole kabisa, na upole huo ndio ulioniudhi. "Bi Wachsmuth, hukuifunika. Nadhani hukuweza kuona. Baridi itaiua."

"Nimeiacha makusudi."

"Makusudi?"

"Mgongo wa irisi unataka jua na hewa. Ukiufunika unaoza. Miaka arobaini na mmoja nafanya hivi, na baridi haijaniulia hata mmoja." Akamgeukia, akitazama kidogo pembeni ya kichwa chake, kama anavyofanya ili amwone mtu. "Wewe la langoni umelifunika."

"Bila shaka. Sentimita kumi. Kila vuli."

"Tangu lini?"

Heyder alirekebisha ubao kifuani. "Tangu nilipoanza kulitunza mwenyewe."

"Bwana Heyder, twende langoni. Uandike baadaye. Linanuka, na sisemi kwa hasira."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini alikwenda, na sisi wote nyuma yake, na njiani watu waliokuwa wakichoma soseji na kukusanya majani walijiunga, maana hakuna kitu kinachowavuta watu wa bustani kama aibu ya mwenyekiti.

Langoni Gerlinde alipiga magoti bila mkeka. Alitia mkono chini ya matandazo, akapapasa, akautoa. Vidole vyake vilikuwa vimeloa uji wa rangi ya kahawia. Wa karibu walirudi nyuma kwa harufu. Heyder hakurudi nyuma. Aliuangalia ule mkono kama mtu anayesomewa hukumu.

"Niliwafunika," alisema. Alisema *niliwafunika*, kama watu. "Sieglinde alikuwa anasikia baridi sana ile miezi ya mwisho. Nikadhani..."

Mtu mmoja nyuma alikuwa ameanza kucheka cheko la chini, akaacha.

Gerlinde alijipangusa mkono kwenye aproni. Nilitegemea amwonee huruma, au amkumbushe barua. Hakufanya hata moja.

"Volkmar," alisema, na miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita jina la kwanza. "Vua koti. Ilka, niletee kisu changu, spiriti na ndoo zote mbili. Nyie wengine ondoeni hii blanketi, kwa mikono, si kwa reki. Mkichubua mzizi nitajua."

Wakaondoa. Chini yake palisikitisha. Mashada mazima yalibaki ngozi tupu, ndani maji. Konokono wasio na nyumba walikuwa wamejaa kama kwenye hoteli yao. Heyder alipiga magoti kando yake na suruali yake ya ukaguzi, akachukua mzizi wa kwanza, akautazama.

"Huu mzima," akasema.

"Nipe." Akaubonyeza. "Umekufa. Juu mzuri, tumbo limekwisha. Usiangalie. Macho yako yanataka uwe mzima, kwa hiyo yanakudanganya. Fumba."

"Nifumbe macho hapa mbele za watu?"

"Mimi nimefumba mbele za watu miaka mitano. Fumba."

Akafumba. Mwenyekiti wa ushirika, mtu wa mistari, amepiga magoti langoni kwa macho yaliyofungwa, na Gerlinde akimwekea mizizi kiganjani mmoja mmoja. "Huu?" "Laini." "Wapi?" "Hapa mwishoni." "Kata nyuma yake kidole kimoja. Pangusa kisu. Sasa?" "Mgumu." "Kama nini?" Akafikiri. "Kama karoti." "Huo weka juu ya ukuta."

Walifanya hivyo mpaka saa tisa. Watu walileta soseji kwenye mkate, na Gerlinde akamkataza Heyder kula kabla hajanawa mara mbili. Mwisho wa kazi tulihesabu vipande ukutani: kumi na saba. Vidogo, vimekatwakatwa, vingine si vikubwa kuliko kidole gumba. Tuta lilibaki udongo mtupu.

"Kumi na saba kati ya arobaini," Heyder alisema.

"Kumi na saba kati ya sifuri. Ungengoja mpaka Mei usingekuwa na hata wa kuzika." Kisha akaongeza, polepole: "Sieglinde aliniomba mche wa buluu hii mwaka wa kwanza alipokuja. Ilikuwa yangu, kutoka kiwandani. Sasa mimi sinayo tena, ilikufa zamani. Kwa hiyo usidhani nimekusaidia bure. Zikikua, nataka mmoja."

Heyder alicheka. Sijui kama kuna mtu kati yetu aliyekuwa amemsikia akicheka tangu mazishi.

Barua ya pili ilikuja wiki moja baadaye, na nikaisoma mimi tena. Kamati ilithibitisha kwamba bustani namba thelathini na saba iko katika hali ya kupigiwa mfano. "Isome tena hapo kwenye mfano," alisema Gerlinde. Nikaisoma mara tatu. Mara ya nne nilikataa.

Vipande vilipandwa upya, mgongo juu, bila blanketi. Heyder alipita kila asubuhi ya baridi kuvitazama. Siku theluji ilipoanguka alimpigia simu Gerlinde saa moja asubuhi, na yeye akamwambia: "Theluji ni sawa. Wewe tu ndiye uliyekatazwa kuvifunika."

Sherehe ya miaka mia ilifika Mei, na irisi zilizochanua langoni zilikuwa mbili. Mbili tu, maana iliyohamishwa na kukatwa huchukua mwaka kujirudia. Mgeni mmoja wa heshima alitania kwamba kwa miaka mia alitegemea zaidi. Heyder, na suti yake, alimweleza kwa dakika ishirini kuhusu uozo, hewa, na kidole gumba, mpaka bia ya mgeni ikapoteza povu. Gerlinde alikuwa kwenye kiti karibu na tuta. Aliomba aelekezwe mkono kwenye ua moja, akalinusa, akasema lina harufu ya ndimu na ya sabuni ya mashuleni. Rangi hakuiulizia. Annegret alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na nilimwona akiinama na yeye kunusa.

Mwaka uliofuata zilichanua kumi na nne. Heyder alitimiza ahadi: alipeleka kipande kimoja namba thelathini na saba, kimefungwa gazetini, amekikata mwenyewe, na Gerlinde alikibonyeza pande zote kabla ya kusema asante.

Mwaka huo huo aliamua mwenyewe kutoa nusu ya bustani yake, ile ya mboga na mtofaa, kwa wauguzi wawili waliokuwa wakisubiri kwenye orodha. Hakuna aliyemshauri. Alisema magoti yake yana kilomita chache zilizobaki na anataka kuzimalizia kwenye irisi. Annegret aliniambia kwenye simu kwamba alilia aliposikia, kisha akamwuliza mama yake kama aje Oktoba kumsaidia. "Njoo," alijibiwa. "Uje na kisu chako. Changu simwazimi mtu."

Siku hizi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba haina ukaguzi wa ubao na kalamu peke yake. Gerlinde hupita bustani moja baada ya nyingine, ameshika mkono wa binti yake, na watu huacha malango wazi. Wengine humwita Daktari, wengine Mbwa wa Polisi, naye huitikia yote mawili. Huinama, hunusa, hubonyeza. Akisema "hapa", mtu huleta uma bila ubishi.

Mwaka jana alifika kwangu saa nane. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima, nimekata kwa kipimo cha kiganja, nimetupa kila jani lenye doa, nimefungua udongo. Alitembea mstari wote, akapiga magoti mara mbili, akabonyeza hapa na pale. Mimi pumzi nimeishika.

"Ilka," akasema, "irisi zako nzima kabisa. Sina neno."

Nikashusha pumzi.

"Lakini keki yako ya plamu inaungua."

Nikatimka mbio kuelekea kibandani, na nyuma yangu nikawasikia wote wawili, mama na binti, wakicheka mpaka wakalazimika kushikana.